Siku Walipoezua Nyumba Yetu

Moto ulianza baina ya adhuhuri na alasiri, wakati ambapo Kipungani huwa kimya kuliko saa nyingine yoyote ya mchana. Wanaume waliorudi kutoka baharini asubuhi huwa wamelala. Wanawake hukaa vibarazani wakisuka kili za mikeka, na hata mazungumzo hupungua kwa sababu ya joto. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chekechea ninakofundisha, nimempa mama chakula chake, na nilikuwa nikimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Mama alikuwa hatembei tena tangu alipoanguka kisimani akavunjika nyonga. Siku nzima alikaa juu ya kitanda cha kamba karibu na mlango, akisuka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini kusuka hakukumtaka macho.

"Kuna kitu kinaungua," akaniambia.

Nikamjibu kwamba huenda ni mtu anachoma taka.

"Si taka. Ni makuti hayo."

Nilikuwa bado nimeshika chupa ya mafuta nilipomsikia mwanamke wa kwanza akipiga ukelele.

Nilitoka nje. Upande wa juu wa kijiji, kule upepo wa kaskazi unakotokea, moshi mzito wa manjano ulikuwa umeinuka juu ya minazi. Watu walikuwa wakikimbia, wengine kuelekea motoni, wengine kuelekea majumbani mwao kuokoa walichoweza. Mtu mmoja alipita mbele yangu amebeba godoro kichwani, na nyuma yake mkewe amebeba cherehani kifuani kama mtoto. Nikamwambia mama narudi sasa hivi, nikachukua ndoo.

Bahari ilikuwa imetoka. Kwetu maji yakipwa huacha tope refu mpaka kwenye mikoko, na siku ile yalikuwa yameenda mbali kabisa. Visima viwili vya karibu tulivimaliza mapema. Basi tukasimama mstari, kutoka ukingo wa maji mpaka kwenye nyumba zilizokuwa zikiungua, wanawake na wanaume, walimu na wanafunzi wao, ndoo na masufuria na madumu yaliyokatwa yakipita mkono kwa mkono. Tope lilinifika magotini. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwanamke ambaye hatukuwa tumesemeshana tangu mwaka uliopita kwa ajili ya mambo ya mpaka wa ua. Alinipokea ndoo, akanirudishia tupu, akanipokea nyingine, na hakuna aliyekumbuka kwamba tumenuniana.

Lakini maji hayakutosha. Kila ndoo iliyofika ilikuwa imemwagika nusu, na upepo ulikuwa ukiinua makuti yanayowaka kutoka paa hili na kuyatua juu ya paa lile. Nyumba ambayo ungeapa kwamba iko salama, ukigeuka unaiona imeshika juu. Tulizisikia boriti zikipasuka. Tulisikia pia mbuzi, halafu hatukuwasikia tena.

Palikuwa na fundi wa mashua pale kijijini, mtu wa makamo, mpole, ambaye kazini huzungumza na mbao kuliko anavyozungumza na watu. Yeye ndiye aliyeacha mstari kwanza. Nilimwona amesimama peke yake kwenye njia, ametazama upepo, ametazama nyumba, kisha akawaita wanaume watano sita. Waliposhuka kuelekea kwetu nilitupa ndoo yangu nikawakimbilia, nikidhani nyumba yetu imeshika moto.

Haikuwa imeshika. Nyumba yetu iko mahali ambapo kijiji kinabanana. Juu yake zimetawanyika nyumba kiasi. Chini yake kuna njia nyembamba tu, halafu msikiti, na baada ya msikiti nyumba zote zilizobaki zimekaa paa kwa paa mpaka ufukweni. Moto ukishapita kwetu usingekuwa na kizuizi kingine.

Fundi aliingia, akapiga hodi huku ameshaingia, akachuchumaa mbele ya kitanda cha mama.

"Bi Mkubwa," akasema, "tumekuja kuiomba nyumba yako."

"Mwaitakia nini?"

"Tulivunje paa. Lako na la jikoni kwako. Moto ukikuta kuta tupu utasimama. Ukikuta makuti utavuka ndia, na kijiji chote kitaondoka, na msikiti pia."

Mama aliinua uso wake akatazama juu, ingawa najua hakuwa akiona zaidi ya kivuli. Nyumba ile aliijenga marehemu baba. Kila boriti aliikata mwenyewe kwenye mikoko akaileta kwa mtumbwi. Kuta aliziinua kwa mawe na udongo, mwaka mzima, akijenga jioni baada ya kutoka kuvua. Sisi watoto wake sote tulizaliwa ndani yake. Baba mwenyewe alifia ndani yake. Sikuwa na kumbukumbu nyingine yake ya kushika mkononi, hata picha.

Nikasema, "Fundi, moto haujafika hapa. Labda utageuka."

"Hautageuka, dada," fundi akajibu. "Natamani ningekuambia utageuka."

"Niondoeni mimi kwanza," mama akasema. "Kisha mushafu ulio pale kwenye shubaka la ukuta. Kisha fanyeni kazi yenu upesi, kabla sijajuta."

Nikaanza kulia. Mama aliunyosha mkono akanishika nguo. "Usilie mbele ya watu wanaofanya kazi," akaniambia. "Utawalegeza mikono."

Wakambeba na kitanda chake mpaka nje ya msikiti. Nikaokoa mushafu, nguo, sufuria kubwa, na mkeka uliokuwa bado haujashonwa pindo. Mengine sikuyafikia. Watu walikuwa wameshaleta nanga za mashua na kamba. Wakazirusha nanga juu ya paa mpaka zikashika kwenye makombamoyo yanayobeba makuti, wakapanga mstari kwenye kila kamba, na fundi akawahesabia kama watu wanaovuta chombo kukipandisha pwani. Walivuta mara ya kwanza, paa halikutikisika. Walivuta tena, likalia tu.

"Marehemu alifunga kwelikweli," mmoja wao akasema.

Waliongeza watu. Wanawake wakaja kwenye kamba, na mimi nikaja. Siwezi kueleza vizuri nilichohisi nikiwa nimeshika ile kamba. Nilikuwa nikivuta kwa nguvu zangu zote na wakati huohuo moyo wangu ukiomba ikatike. Mara ya nne au ya tano upande wa mbele ukang'oka wote kwa pamoja, vumbi la miaka mingi likashuka juu yetu, likatuziba macho. Tukaanza kuyaburura makuti kuyapeleka mbali, mikono yetu ikichanika, mpaka zikabaki kuta nne na mwanga mweupe ndani, mahali ambapo palikuwa na giza la baridi tangu nizaliwe.

Moto ulifika muda mfupi baadaye. Nyumba iliyopakana na yetu kwa juu iliwaka yote, na joto lake likatusukuma nyuma mpaka ukuta wa msikiti. Watu walikuwa wametandaza matanga ya mashua yaliyoloweshwa juu ya kuta zetu na juu ya ukingo wa paa la msikiti, na waliendelea kuyamwagia. Cheche ziliruka, zikatua ndani ya nyumba yetu, juu ya sakafu ya udongo, zikazimika hapo. Hakuna iliyovuka njia.

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa moto ulikuwa umeishiwa na chakula. Nyumba zaidi ya kumi zilikuwa zimekuwa majivu. Hakuna mtu aliyekufa, na kwa hilo tulimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini watu walikuwa wamekaa chini wamejiinamia, na wengi walivaa nguo ile moja tu waliyokuwa nayo. Kabla ya isha mashua zilifika kutoka Matondoni na Shela, watu waliouona moshi, wameleta chai kwenye mabirika, mikate, maji ya kunywa, na khanga. Hawakuuliza mengi. Walitugawia wakakaa nasi.

Moto ulikuwa umetoka kwenye jiko la mwanamke mdogo ambaye sote tulimwita binti wa Siyu, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. Alikuwa ameolewa kwetu mwaka uliotangulia. Mumewe alifanya kazi kwenye maboti ya Ras Kitau na alirudi nyumbani siku za Ijumaa tu. Yeye alikuwa akikaanga bajia za kuuza, na mchana ule upepo ulimnyang'anya cheche jikoni ukazitia kwenye paa lake mwenyewe. Alijaribu kuyavuta makuti yanayowaka kwa mikono mitupu. Walipomtoa, ngozi ya viganja ilikuwa imebambuka.

Siku ya pili, baada ya watu kula walicholetewa, palikuwa na mkutano uwanjani mwa msikiti. Wanawake tulikaa kando, kwenye kivuli cha ukuta. Fundi wa mashua alisema kwamba mvua za masika haziko mbali, na njia ya pekee ni kuezeka nyumba moja moja, watu wote pamoja, mpaka ziishe.

Mvuvi mmoja akasimama. Huyu alikuwa amepoteza zaidi ya wengi: nyumba, nyavu zote, na injini ya boti aliyokuwa ameiweka ndani ili isiibwe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi sitangoja zamu," akasema. "Nina ndugu zangu na nina minazi yangu. Kila mtu ana mikono yake, aezeke yake. Na aliyetuunguza naye aezeke yake, kama ana uso wa kukaa hapa."

Baadhi ya watu walitikisa kichwa kukubali, na sikuwalaumu. Ukiwa umekaa juu ya majivu yako mwenyewe, jambo la kwanza unalofikiria ni watoto wako watalala wapi.

Aliyemjibu hakuwa mwanamume. Alikuwa rafiki wa mama, msukaji mikeka kama yeye, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika ng'ambo. Hakusimama hata, alisema akiwa amekaa vilevile.

"Minazi unayo, Bwana, na ndugu unao. Makuti atakushonea nani?"

Mvuvi aligeuka kuwatazama ndugu zake.

"Kuti halipandi lenyewe juu ya paa," akaendelea. "Lazima likunjwe juu ya kijiti, lishonwe, moja baada ya moja, na hiyo kazi hapa ni yetu. Basi sisi tutashona kwa pamoja, kwa nyumba moja moja, kama alivyosema fundi. Ama hatushoni. Mukitaka kuezeka kila mtu yake, mutaezeka kwa nguo zenu."

Wengine wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. Mvuvi alikaa chini. Hakuonekana kuridhika, lakini hakuondoka.

Likabaki swali la nani aanze. Fundi akasema nyumba ya mama ndiyo ya kwanza, kwa kuwa yeye alitoa paa lake lilipokuwa zima. Watu wote waliafiki. Nilikimbia kwenda kumpa mama habari, kwani alikuwa amerudishwa ndani ya kuta zetu, chini ya tanga la mashua tulilolifunga juu kwa muda.

"Waambie mimi niwe wa mwisho," akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikamwambia tena.

"Nimesikia. Mimi kuta ninazo. Kuna watu hawana hata ukuta wa kuegemea. Mwisho."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika sana, na nilikaa na hasira hiyo kwa siku nyingi. Mimi ndiye niliyejua jinsi kifua chake kinavyofanya wakati wa mvua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza. Nilimwambia kwamba si haki kumfanyia mtu wema kwa mgongo wa mwanao. Akasema, "Basi nenda ukawaambie wewe," akageuza uso. Nilikwenda mpaka kwenye kona ya msikiti. Pale nilimkuta mama mmoja mwenye watoto wadogo wanne amewalaza chini ya ngalawa iliyopinduliwa, na mdogo kabisa akiwa na mchanga mdomoni. Nikawaambia watu kwamba mama yangu anataka awe wa mwisho.

Kuta zetu zikawa nyumba ya wengi. Wanawake na watoto waliokosa pa kulala waliletwa ndani, wakapangwa chini ya tanga, na mama akawa katikati yao juu ya kitanda chake, akiuliza kila anayeingia ni mtoto wa nani.

Kazi ikaanza. Wanaume waliingia mikokoni kukata boriti na fito. Wengine walipanda minazi kushusha makuti. Sisi tulikaa uwanja wa shule, makundi kwa makundi, tukishona tangu jua kuchomoza mpaka alasiri. Niliwaleta watoto wa chekechea wakae karibu, nikawafundisha herufi huku nashona. Vidole vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Nyumba ya kwanza ilipoezekwa, ya yule mama mwenye watoto wanne, hakuna aliyepiga vigelegele. Watu waliitazama tu kwa muda, kama watu wasioamini, kisha fundi akasema, "Haya," tukaanza ya pili.

Binti wa Siyu hakuonekana. Alikuwa amejificha kwa shangazi wa mumewe, kwenye nyumba ya mwisho upande wa ufukweni. Mumewe alikuja kutoka Ras Kitau, akafanya kazi bila kupumzika, akibeba boriti nzito kuliko wenzake, na watu waliitikia salamu yake lakini hawakuongeza neno.

"Yule mwana wa watu yuko wapi?" mama akaniuliza asubuhi moja.

Nikamwambia.

"Nipelekeni."

Tukambeba juu ya kiti, mimi na wanawake watatu. Tulimkuta binti amekaa kwenye chumba cha ndani, ukutani, viganja vyake vimefungwa vitambaa. Alipomwona mama alitaka kuinuka, akashindwa, kwa kuwa hakuweza kujisukuma kwa mikono.

"Ndoo hapa karibu," mama akamwambia, akimwita kwa mkono. "Mato yangu hayaoni huko."

Akasogea. Akaanza kulia kabla hajasema lolote. "Bibi, nimeuchoma mji wa watu."

Nilingoja mama aseme maneno ambayo wote tungeyasema, kwamba ni kadari, kwamba si kosa lake. Hakuyasema.

"Umeuchoma," akasema. "Sasa uujenge."

"Kwa mikono gani?" Akamwonyesha vile vitambaa.

Mama alivipapasa kwa ncha za vidole, polepole sana. "Hii bado," akasema. "Miguu je?"

"Miguu ni mizima."

"Basi inuka. Makuti yanarowekwa kwenye maji ya chumvi ili wadudu wasiyale. Yanataka kukanyagwa yazame. Wale wanaoshona wamechoka, hawana mtu wa kuyakanyaga."

Alikuja siku ileile. Nilikuwa nimekaa nikishona nilipomwona akitokea kwenye njia, amejifunika buibui mpaka usoni, anatembea karibu na ukuta. Alipita mbele ya wanawake ambao nyumba zao zilikuwa zimeungua, akashuka mpaka kwenye dimbwi walilochimba wanaume ufukweni, akapandisha nguo kidogo, akaanza kukanyaga. Alikanyaga mpaka maji ya mawimbi yalipomfika kiunoni. Rafiki wa mama ndiye aliyemwita mwisho. "Wewe," akamwambia, "njoo ule." Akasogea juu ya mkeka akampa nafasi, na kwa kuwa binti hakuweza kushika chakula, akamlisha.

Baada ya siku hiyo hakukosa hata mara moja.

Jumapili iliyofuata ikaingia mashua kutoka Siyu. Ilikuwa imejaa makuti mabichi mpaka maji yanakaribia kuingia, na juu ya makuti magunia ya mahindi na makapu ya tende. Aliyeshuka mbele alikuwa baba wa yule binti, mzee mwembamba mwenye kofia iliyofuliwa vizuri. Alisimama ndani ya maji akasalimu watu, akasema watu wa Siyu wametoa kila mmoja kwenye shamba lake, na wanaomba radhi kwa kuchelewa kwa sababu njia ya mkondo ilikuwa na maji madogo. Halafu akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba amekuja pia kumchukua mwanawe.

"Ameleta msiba kwa watu," akasema. "Hawezi kukaa akitazamwa. Nitarudi naye nyumbani mpaka mambo yapoe."

Binti alikuwa amesimama dimbwini, maji yakimtiririka, akimwangalia baba yake bila kusogea. Nilidhani ataenda. Nadhani hata yeye alidhani ataenda.

Mvuvi yule aliyepoteza nyavu alikuwa ameshaingia majini kushusha mzigo. Alikuwa na tita la makuti begani. Alisimama mbele ya mzee.

"Bwana," akasema, "makuti yako tumepokea, Mungu akulipe. Lakini kesho tunaezeka yangu."

Mzee hakumwelewa.

"Nasema kesho ni zamu ya nyumba yangu," mvuvi akarudia, kwa ukali kidogo, kama mtu anayeona aibu kwa maneno yake. "Na mwanao ndiye anayekanyaga. Ukimchukua, nani atanikanyagia haya yote?"

Akapita na mzigo wake, akaenda kuutupa pwani. Yule mzee alitoa leso akajifuta uso, mara mbili. Alilala kwetu usiku ule, na asubuhi akapanda juu ya paa la mvuvi pamoja na wengine kufunga makuti, ingawa umri wake haukumruhusu. Aliporudi Siyu alirudi na mashua tupu.

Mvua iliwahi kuja kuliko tulivyotaka. Zilikuwa zimebaki nyumba mbili, na yetu ya tatu. Ilianza alfajiri, nyepesi, halafu ikakaza. Tanga lilijaa maji katikati, likapasuka, na maji yote yakamwangukia mama na watoto waliolala kando yake. Nilimfunika kwa kila nilichokuwa nacho. Alikuwa akitetemeka na kifua kimeanza kulia. Hasira zangu zote zilirudi. Nilitoka kwenda kumtafuta fundi, nikiwa nimeshayapanga maneno nitakayomwambia.

Sikufika. Nilikutana nao njiani. Walikuwa wanakuja, wamebeba fito na kamba na matita ya makuti yaliyokuwa yameshonwa kwa ajili ya nyumba nyingine, na wenye nyumba hizo nyingine walikuwa miongoni mwa waliobeba. Fundi alinipita bila kusimama. "Rudi ndani, dada," akasema. "Mshike Bi Mkubwa."

Waliezeka kwenye mvua. Wanaume waliteleza juu ya boriti, wanawake waliwapitishia makuti kutoka chini, mstari mmoja kutoka uwanja wa shule mpaka mlangoni kwetu. Nilikuwa nimemkumbatia mama ndani, nikitazama anga likipungua juu yetu, safu kwa safu, kuanzia chini kwenda juu, mpaka likabaki tundu dogo la mwanga pale juu kabisa, na mkono wa mtu ukaliziba. Ghafla sauti ya mvua ikabadilika, ikawa mbali.

Mama alisikiliza kwa muda mrefu. "Waliofunga ni watu wangapi?" akauliza.

"Wote," nikamwambia.

Sitaki kusema kwamba kijiji kilibadilika kikawa cha malaika. Mwaka haukupita watu wakaanza kugombana tena: nani amejenga jiko karibu na ua wa mwenzake, nani amekata minazi isiyo yake. Mimi na jirani yangu wa mpaka wa ua tulinuniana tena, kisha tukapatana, kisha tukanuniana. Lakini majiko yote ya upande wa juu yalihamishwa nyuma ya nyumba, mahali upepo haufiki, na kwenye kila pembe ya njia kuna pipa la maji ambamo hakuna anayechota kwa kazi nyingine. Mvuvi alipata nyavu kidogo kidogo. Watu walimkatia kila mmoja kipande cha wavu wake, akaviunga.

Mama aliishi chini ya paa lile jipya hadi baada ya Ramadhani iliyofuata. Alifariki mchana, amelala ubavu wa kulia, mkono wake mmoja umeshika ukili uliokuwa bado haujaisha. Tuliomuosha tulikuwa watatu: mimi, rafiki yake mwenye sauti kubwa ambaye siku ile hakusema neno, na binti wa Siyu. Viganja vyake vilikuwa vimepona, lakini ngozi ilikuwa imekunjamana na haikufunguka sawasawa, kwa hiyo alimshika mama kwa nje ya mikono, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika kitu cha moto. Nilitaka kumwambia apumzike, nikaacha.

Wanaume walipomchukua, njia yote mpaka makaburini ilijaa watu wakipokezana jeneza. Sisi tulibaki ndani. Sikumwambia binti ahsante, wala yeye hakungoja kuambiwa. Tulikunja mkeka, tukakaa chini bega kwa bega, tukamsomea mama Yasin mpaka waliporudi.